Mtaa Uliokataa Kugongana

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shajara hii niligawiwa bure na duka la matairi miaka mitatu iliyopita. Siku zake haziendani na tarehe za mwaka huu, kwa hiyo nazikata na kuandika zangu. Kila kitu katika maisha yangu kinahitaji kunyooshwa, isipokuwa magari.

Siku ya kumi na tisa bila gari. Si gari zima tu, hata bampa. Nimekaa kigodani mlangoni mwa gereji tangu saa mbili, nyundo ya marehemu baba mapajani, naikodolea macho kona. Kona ile imetulisha miaka thelathini na moja. Ilikuwa kona ya heri. Imejificha nyuma ya ukuta wa mashine ya kusaga, ina mteremko kidogo, na mchanga juu ya lami. Kila wiki mbili tatu, pwaa. Hakufa mtu. Sikutaka afe mtu na sitaki, maiti haji kunyoosha madigadi. Nilitaka taa moja, mlango mmoja, watu wawili wanaogombana kwa heshima, halafu mimi na Fundi Rangi tunatokea na utepe wa kupimia, nyuso za msiba.

Ajali haina kinga, walisema wahenga. Wahenga hawakumjua shemeji yangu.

Shemeji ni mume wa dada. Ameendesha lori miaka arobaini bila kukwaruza kitu. Mtaa mzima unamwita Taratibu. Tangu astaafu, kila Jumapili anawakusanya wenye magari uwanja wa shule na kuwafundisha: acha nafasi, hesabu tatu, tazama kioo, shuka uangalie kabla hujarudi nyuma. Kwanza walimcheka. Sasa wanaandika. Wamejenga tuta. Wamesimika kioo kikubwa cha mviringo pale konani. Siku hizi magari mawili yakikutana hapo yanasimama yote mawili, na madereva wanapishana kama wakwe mlangoni. Pita wewe. Hapana baba, tangulia. Haraka haraka haina baraka, ndivyo wanavyoambiana. Kwangu haraka ndiyo ilikuwa baraka yenyewe.

Saa nane dada akaingia, akachukua utepe wangu ukutani, akapima gereji urefu na upana, akaandika kiganjani. Nikamuuliza anapima nini. Akasema kuku. Mia na ishirini, wa mayai. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanikumbusha maneno ya baba alipokuwa kitandani, kwamba nyumba ni ya dada na banda hili la gereji ni la anayefanyia kazi humo. Akaniuliza, wewe mtoto, humu nani anafanya kazi? Nina miaka sitini na nane, bado naitwa mtoto. Nikasema mimi. Akageuza macho kwa Fundi Rangi, mpuliza rangi wangu na mfanyakazi wangu pekee, mtu mzima wa miaka hamsini, aliyekuwa amelala kiti cha nyuma cha gari lisilo na injini, miguu nje ya dirisha. Dada akasema atakuja Jumamosi ya tarehe 16, saa sita mchana. Akikuta kazi, banda langu. Asipokuta, anaingiza vizimba. Na gari hilo lisilo na injini halihesabiwi, lilikuwepo hata kabla ya mazishi ya baba.

Baba alinifundisha kunyoosha humu, kwenye benchi hili. Sitaki kuliona likitagiwa.

Jumanne, tarehe 5

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Dereva hagongi kwa sababu anatazama mbele. Basi atazame pembeni.

Bango. Juu, kwa herufi kubwa: JE, UNAJUA KUWA TUNANYOOSHA? Chini yake mistari kumi na minne ya herufi ndogo kama siafu. Habari za baba, habari za puti na msasa, jinsi rangi inavyokauka. Mtu ataanza kusoma, na akifika mstari wa tano atakuwa ndani ya buti la mwenzake. Fundi Rangi ameandika. Ana mwandiko mzuri. Ndicho kitu pekee alichonacho kilichonyooka.

Tukalisimika konani alasiri. Wa kwanza kutokea, Daktari wa Meno. Zamani alikuwa mteja wangu bora, alikuwa akigonga mara moja kwa mwezi huku anawaza magego ya watu. Akaliona bango. Akawasha indiketa. Akaegesha kando, akazima injini, akavuta breki ya mkono, akashuka, akavaa miwani, akasoma mistari yote kumi na minne. Kisha akaja kunipa mkono. Akasema habari za mzee zimemgusa.

Hadi jioni wameegesha pale magari kumi na mawili, kwa mstari, kama wanafunzi asubuhi. Taratibu naye akapita. Akaniambia, shemeji, bango lako limepunguza mwendo kuliko tuta. Akanishika bega.

Nimefunga mapema.

Alhamisi, tarehe 7

Kioo ndicho adui. Nilipaswa kulijua hilo tangu Jumanne.

Saa kumi na mbili asubuhi nikabeba ngazi, kopo la grisi na kitambaa. Sikutaka kukivunja, mimi si mhuni. Nilitaka kukipaka ukungu kidogo tu. Nimefika juu, nimeshachovya kidole, mara chini akasimama mwalimu mkuu wa shule. Mama mrefu, mkoba kwapani. Akaniambia, kumbe ni wewe baba unayetusafishia kioo.

Nikasafisha. Nilisafisha vizuri, maana hakuondoka, alisimama mikono nyuma kama anasahihisha daftari langu. Niliacha shule darasa la tano kwa ajili ya macho ya namna ile.

Kufika saa nne habari zilikuwa zimezunguka. Taratibu amekuja na uamuzi wa kamati ya darasa lake. Nimeteuliwa. Nitafuta kioo kila siku asubuhi, na wamenipa ndoo na kitambaa kipya. Dada alikuwepo. Akasema angalau sasa mdogo wangu ana kazi, ingawa si ya ndani ya banda.

Kioo kinang'aa hadi inaudhi. Ukisimama mlangoni kwangu unawaona watu wanaochagua nyanya sokoni.

Jumapili, tarehe 10

Ukishindwa kubomoa nyumba kwa nje, ingia ndani. Nimeenda darasani kwa Taratibu.

Watu ishirini na kitu, kila mmoja na kiti chake cha nyumbani. Taratibu amechomeka usukani wa lori kwenye kigoda, anaonyesha. Somo la leo lilikuwa kuacha nafasi. Gari la mbele likipita mlingoti wa bendera, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo nawe uufikie. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, na anayejua kuhesabu hadi mbili tu afanyeje? Wakacheka. Nikasema bampa ni ngozi ya gari na ngozi imeumbwa kuguswa, nyinyi mnaendesha kana kwamba mmepakata mayai. Wakacheka zaidi. Nikapandwa na mori, nikasimama mbele yao.

Niliwasimulia ajali zangu tamu zote. Yule aliyekuwa na kikombe cha chai mkono huu na gia mkono huu. Yule aliyegeuka kumkaripia mtoto kiti cha nyuma. Yule aliyetumiwa ujumbe kwenye simu kuuliza uko wapi, na kabla hajamaliza kuusoma jibu likawa ndani ya duka la viatu. Nilitaka waione ladha ya zamani. Nikawaonyesha kwa mikono boneti inavyojikunja, nikaiga sauti yake, nikawaeleza kioo kinavyomwagika mapajani kama mchele.

Hapo nikagundua hakuna anayecheka. Mama mmoja amejishika mdomo. Taratibu anafuta macho kwa leso. Akasema miaka yote hii amekuwa akiwafundisha kanuni, leo shemeji yake amewafundisha kuogopa. Ameniomba niwe nakuja kila Jumapili.

Daktari wa Meno ametangaza palepale kwamba anaacha kuendesha. Gari anauza. Atanunua baiskeli.

Jumanne, tarehe 12

Siku nne. Bango jipya, fupi safari hii: GONGA MARA MBILI, YA TATU TUNANYOOSHA BURE. Mwalimu mkuu amesimama kulisoma, kisha akaniuliza kwa upole kama nyumbani nakula vizuri.

Saa tano nikasikia chuma kinaburutwa barabarani. Moyo ukaruka. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini halikuwa gari. Alikuwa Mama Masufuria, anayewapikia watu kwenye shughuli zao, mwenye masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea. Moja imebingirika ngazini na kubonyea tumbo, haikai tena jikoni. Akasema nyinyi si mnanyoosha? Mmeandika wenyewe kwamba mnanyoosha.

Nikamwambia mama, mimi nimenyoosha gari la hakimu. Akasema bati si ni bati tu? Nikamwambia sufuria haina namba ya usajili. Akasimama pale kama aliyenyimwa maji ya kunywa. Nikampa mgongo.

Nyuma yangu, tok, tok, tok. Fundi Rangi ameamka, saa za kazi. Na ameshika nyundo ya baba bila ruhusa.

Sufuria ikatoka tumbo limerudi, mviringo safi. Mama Masufuria akaipiga ukucha, ikalia. Akajitwika, akaenda akitangaza njia nzima hadi sokoni. Nilimgombeza Fundi Rangi. Nikamwambia gereji yenye jina haigusi vyombo vya jikoni. Akasema sawa, bosi. Akauliza kama arudi kulala. Nikamwambia lala, kuna heshima zaidi.

Jumatano, tarehe 13

Wamekuja watu watatu: toroli, beseni, kitanda cha chuma. Nimewafukuza wote. Fundi Rangi aliwafuata nje akawanong'oneza kitu, pengine pole. Mvua. Nimefuta kioo mara mbili.

Ijumaa, tarehe 15

Kesho ndiyo kesho.

Imebaki njia moja. Gari la Taratibu mwenyewe. Jeupe, lina miaka ishirini, halina mkwaruzo hata wa ufunguo. Mlango wake wa kushoto ukibusu nguzo ya lango la gereji, hiyo ni kazi ya siku mbili. Ajali ya ndani ya ukoo, hakuna wa kumlaumu. Na sitaandika uongo kwenye shajara yangu mwenyewe. Ningefurahi.

Nikamwomba aniazime nikafuate puti. Akasema bila wasiwasi, kisha akapanda kiti cha pembeni. Mkanda, shemeji. Kioo, shemeji. Tukaondoka. Nilipokuwa natoka niliilenga nguzo kwa jicho moja. Mikono ikakata usukani yenyewe. Nikajifanya nimesahau miwani, nikarudi. Safari hii nikafumba macho yote mawili. Mguu ukakanyaga breki. Miaka thelathini na moja nanyoosha makosa ya watu, kumbe mwili ulikuwa unajifunza kitu ambacho sikuutuma. Konani mama mmoja akavuka na mtoto mgongoni. Nilisimama mbali kabisa, nikahesabu tatu. Kwa sauti. Nilijisikia nikihesabu na nikashindwa kujizuia.

Taratibu akaniambia turudi gereji. Tulipofika akatoa bahasha mfukoni. Cheti. DEREVA MWANGALIFU, na sahihi yake chini. Ni cha pili tu tangu aanze darasa. Akasema miaka yote aliniona mtu wa ovyo, leo anaomba radhi, na kuanzia sasa ataniamini kama anavyoyaamini macho yake.

Sijawahi kupata cheti maishani. Nimekitundika juu ya makopo ya rangi. Nimekitazama muda mrefu kuliko kinavyostahili.

Jumamosi, tarehe 16

Asubuhi sikuingia ndani. Nilikaa kigodani nje, nisilione benchi likiwa tupu. Nilisikia Fundi Rangi akigonganisha vyuma, nikajua anafungasha.

Saa sita kasoro robo dada akawasili. Gari la mizigo la kukodi, vizimba vimepandana hadi juu, Taratibu usukanini. Lazima liingie kinyumenyume. Na Taratibu, ambaye miaka arobaini hajarudi nyuma bila kushuka kutazama, hakushuka. Akatoa kichwa dirishani. Akasema, shemeji nielekeze, nakuamini.

Nikasimama nyuma. Kazi hii kila mtu anaijua. Mkono hewani, njoo, njoo, njoo. Upande wa kushoto nguzo ya lango inangoja. Bampa, taa, kona nzima ya bodi, kazi ya wiki, na saa sita haijafika. Sikuhitaji kusema uongo. Nilihitaji tu kuchelewa kusema simama. Nikamwambia kata kushoto. Akakata bila kuuliza. Njoo. Njoo. Ikabaki dhiraa moja kati ya chuma na nguzo. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Naliandika kama lilivyokuwa. Ulikuwa umefungwa.

Ndipo Mama Masufuria akachomoza kutoka mlango mdogo wa ubavuni, sufuria kichwani, akapita katikati ya bampa na nguzo kana kwamba anapita jikoni kwake.

Nilipiga kelele ya simama kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Gari likaganda. Kati ya bampa na mbavu zake pangepita kiganja. Yeye akanitazama kwa hasira, akasema baba wewe nawe, unamshtua mtu hivyo, ningeiangusha tena wakati ndiyo kwanza imenyooshwa. Akaenda zake.

Taratibu akashuka. Akaitazama nguzo. Akayatazama matairi yalivyokatwa kushoto. Anazijua hesabu za usukani kuliko mimi. Aliniangalia tu, kwa muda wa kuhesabu tatu.

Saa sita. Dada akaingia ndani, nikamfuata kama mfiwa. Na ndani humo, Fundi Rangi, mikono ya shati imekunjwa hadi mabegani, jasho linamtiririka, nyundo ya baba mkononi. Masufuria tisa. Toroli nne. Beseni, kitanda, kengele ya shule. Watu wanane kwenye benchi wakingoja zamu, mwalimu mkuu mmoja wao. Na Daktari wa Meno na baiskeli yake mpya, madigadi ya mbele imekunjamana. Alikuwa akisoma bango langu la mistari kumi na minne, akaingia ukuta wa mashine ya kusaga. Bango lilifanya kazi, basi. Nilisema mimi.

Wamekuwa wakiingia kwa mlango wa ubavuni tangu alfajiri. Mlango wa mbele, waliambiwa, umekaliwa.

Nikamgeukia dada. Nikamwambia umeona? Kazi hiyo. Banda langu. Dada akakaa kwenye toroli, akanitazama kwa huruma, jambo ambalo halina dalili njema. Akasema baba alisema banda ni la anayefanyia kazi humo. Jina hakutaja. Kisha akamwuliza Fundi Rangi anahitaji nafasi kiasi gani. Fundi Rangi akajikuna, akasema nusu itamtosha. Nusu nyingine, kuku.

Akasema nami naweza kubaki, Fundi Rangi akinikubali. Fundi Rangi aliona haya, na haya ya kweli. Akaitazama nyundo, akaigeuza geuza. Akasema bosi anaweza kunyoosha vifuniko.

Jumatatu, tarehe 18

Kuku wamehamia. Wananuka na wanasengenya. Nimekaa mpakani, kushoto kwangu masufuria, kulia kwangu mayai. Nimenyoosha vifuniko saba. Nyundo ya baba inavipokea kama ilivyopokea milango ya magari. Haina aibu hata kidogo, na mimi ndiye niliyedhani inayo.

Taratibu hajaja kunisemesha. Cheti nacho hajakifuata. Nilikigeuza kitazame ukuta. Nilipotoka kunawa nikakuta Fundi Rangi amekigeuza tena.

Dada ameleta chai. Akaniuliza kama safari hii nimejifunza lolote, au sikio la kufa ndiyo hivyo halisikii dawa. Nikamwambia nimejifunza mengi. Sikuwa natania.

Nimejifunza kuhusu kuku, kwa mfano. Nimewatazama mchana kutwa. Kuku akivuka njia hasimami pembeni, anasimama katikati, anabadili mawazo, anarudi. Hahesabu tatu. Hajawahi kuhudhuria darasa. Dereva yeyote, hata awe na cheti, akikuta kuku ishirini konani atakata usukani kwanza na kufikiri baadaye. Hatamgonga mtu, hapana, hilo sasa nimeliona kwa macho na sitaki kuliona tena. Ukuta tu. Bampa, na taa moja. Gari la kweli, lenye namba. Fundi Rangi abaki na masufuria yake.

Kitasa cha kizimba cha kwanza kimelegea. Nyundo mbili tatu na kitakaa sawa. Nimekipita leo mara nne, nyundo mkononi, na sijakigusa. Kesho saa kumi na mbili nikienda konani, kuku watanifuata wenyewe, wameshajua ni mimi ninayewamwagia chakula. Nitafuta kioo vizuri, nikisugue hadi pembeni. Kikiwa kichafu, madereva watawaonaje kuku?